Mama fundi wa nguo, power saw yangu na chemchemi ya Kambi

Wakuu, niaje. Salamu pia kwa wale husoma tu bila kuandika kitu. Najua mko wengi, hata mimi nilikaa huko miaka minne.

Hii story sikuambiwa na mtu. Nilikuwa hapo, na kuna mahali ndani yake sitoki vizuri. Nitaandika hivyo hivyo tu, sitapaka rangi.

Kwanza mnijue. Mimi ni power saw operator. Kazi yangu iko pande za Elburgon, na kama kuna job nashuka mpaka Njoro. Mtu akiwa na mti anataka uanguke, ananipigia, nakuja, unaanguka. Nimefanya hivyo tangu nitoke shule. Nimejenga nayo na nimeoa nayo.

Kwa hivyo mkiona namsifu mtu wa mazingira hapa, mjue nimetoka mbali. Watu wa mazingira na watu wa saw hawanywi chai meza moja.

Huyu mama ninayetaka kuwaambia habari yake nitamuita Mama Trizah, kwa sababu hivyo ndivyo kila mtu kwetu humuita. Ni fundi wa nguo. Cherehani yake iko kwa veranda ya duka moja hapo center, anashona uniform za shule. Baba yake alitoka western akaja kufanya kazi kwa sawmill, akazeeka hapa na akazikwa hapa. Mume wake naye alikufa zamani.

Ni mtu mfupi, mpole, anaongea polepole. Kukiwa na mkutano anakaa nyuma karibu na mlango. Ukimpita hapo kwa veranda anainua mkono, anaendelea kushona. Mimi nilimpita hivyo miaka mingi bila kujua jina lake lingine, na mpaka leo ni kama silijui.

Sasa chemchemi yenyewe.

Chini ya kijiji chetu kuna mahali maji hutoka ardhini. Tunapaita Kambi, kwa sababu wafanyakazi wa sawmill ya zamani walikuwa wakiishi hapo. Mathe wangu, yaani mama yangu, anasema akiolewa alipata hiyo maji haikauki mwaka mzima. Mimi nimekua nikiona ikipungua. Ikifika January unapata tope na alama za kwato za ng'ombe, basi. Halafu kina mama wanaanza kushuka mpaka mtoni, kwa mteremko mbaya, na kupanda tena na mtungi wa lita ishirini mgongoni.

Na kando ya hiyo chemchemi, pande zote, kulikuwa na blue gum, yaani mikaratusi.

Si makosa ya mtu mmoja. Kila mwenye shamba linalogusa hapo alipanda, kwa sababu blue gum inakua haraka, posti za fence na za stima zinauzika, na huo mti hauhitaji kubembelezwa. Lakini unakunywa maji vibaya sana. Zamani ulipandwa makusudi mahali watu walitaka kukausha kinamasi. Sisi tukaupanda kwa mdomo wa chemchemi yetu, halafu tukaanza kuombea mvua kanisani.

Mwaka juzi, mwezi wa pili, napigiwa simu na namba siijui. Sauti ya mama. Anataka nikuje nimkatie miti kumi na tisa.

Nikaenda. Kufika nikakuta ni yule fundi wa nguo. Kashamba kake ni kadogo na kanagusa Kambi upande wa chini. Nikaangalia ile miti, nikaona mingine ni michanga. Honestly nilimhurumia. Nikamwambia angoje miaka mitatu hivi, hizo ndogo zitakuwa posti nzuri, asiuze hasara.

Akasema, "Sikuiti kwa sababu ya posti. Hii miti inakunywa maji ya watu."

Nikajua huyu mama ana stress. Nikawasha saw.

Nilianza na ndogo, nikabakisha mmoja mkubwa sana kwa kona. Nilipoukaribia yeye akasogea nyuma, akashika leso yake na mikono miwili. Akaniambia huo mti mume wake aliupanda mwaka mtoto wao Trizah alizaliwa. Nikazima saw. Nikamuuliza kama tuuache.

Akauangalia kutoka chini mpaka juu.

"Kata," akasema.

Nikakata. Ulipoanguka akachukua panga, akaanza kutoa matawi kama mtu anafagia nyumba yake. Wakati nafunga vifaa vyangu akaniambia kitu ambacho sikukielewa siku hiyo. Alisema sasa anaweza kuenda kwa majirani.

Baadaye ndiyo nilielewa. Alikuwa anataka kuambia watu wakate miti yao, na alijua hawezi kufungua mdomo kama yake bado imesimama.

Wakuu, sijawahi kuona campaign ya namna hiyo. Hakuna banner, hakuna t-shirt. Walikuwa watu saba, wengi wao kina mama wa kwaya. Hawakuwa hata na jina la group. Nilimuuliza mbona hawajasajili jina, akasema jina litaandikwa kama kuna kazi ya kuandika.

Kila Jumamosi akimaliza kushona wanaenda nyumba moja. Moja tu. Wanakaa, wanakunywa chai, wanauliza hali ya watoto na ng'ombe. Halafu anasema ombi lake. Hakuwa anaambia mtu amalize miti yote. Alikuwa anaomba tu ile iliyo karibu na maji, ya juu iachwe. Na mahali mti umetoka, yeye analeta miche. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na kitalu chake mwenyewe, mianzi na miti ya kienyeji kama podo na mutamaiyu, kwa makopo na pakiti za maziwa.

Wengine walikubali. Wengine walimsindikiza na maneno matamu, wakafunga mlango.

Mathe wangu alikubali hata kabla ya kuniambia. Nilirudi nyumbani siku moja nikapata amenipangia kazi, miti saba, kesho. Nikamuuliza Mama Trizah alimwambia nini. Akasema hakumwambia kitu kirefu. Alimuuliza tu anakumbuka maji ya Kambi yalikuwa yanafika wapi wakati anaolewa. Mathe akashuka na yeye, akamuonyesha. Walikuwa wamesimama kwa nyasi kavu.

Sasa shida.

Kuna mtu hununua miti pande zetu, broker wa posti. Nitamuita Jembe, si jina lake. Yeye ndiye alikuwa akinipatia kazi nyingi zaidi. Jembe alikuwa ameongea na wenye miti ya Kambi zamani, alikuwa anangoja ikomae. Huu mpango wa kuikata ikiwa michanga ulimharibia hesabu. Akaanza maneno kwa center. Kwamba Mama Trizah ametumwa na NGO. Kwamba anapiga picha za miti ikianguka anatuma ng'ambo. Kwamba hiyo ardhi ya Kambi itakuja kuchukuliwa.

Kwetu ukitaja ardhi kuchukuliwa, hakuna mtu atangoja kusikia mengine. Mnajua historia yetu ya mashamba hapa Rift, sitaifungua.

Kidogo kidogo watu wakaanza kumuangalia vibaya. Kuna wazazi walipeleka uniform kwa fundi mwingine.

Mwezi wa sita, baada ya wao kupanda ile miche, asubuhi moja mtu akapita Kambi akapata yote imeng'olewa. Yote, imelazwa chini kwa mistari, kama mtu alikuwa anatuma ujumbe. Mpaka leo hatujui ni nani na mimi sitamtaja mtu.

Nilienda kuona, kama watu wengine. Nilidhani nitampata analia. Nilimpata amepiga magoti na debe la maji, anarudisha mche mmoja mmoja kwa kopo. Mama mmoja wa kwaya ndiye alikuwa analia. Mama Trizah akamwambia, "Waling'oa pamoja na mizizi. Hii itashika tena. Leta maji."

Karibu nusu ilishika. Ile ilikufa alipanda mingine.

Ndiyo baraza ikaitwa. Chifu alikuwa amesikia malalamiko, akataka jambo liishe. Tukajaa hapo kwa uwanja. Jembe akaongea vizuri sana, ana mdomo huyo. Akauliza nani analipa hiyo kazi ya kukata miti, kwa sababu power saw haifanyi kazi bure. Akasema fundi wa nguo hawezi kulipa saw, kwa hivyo kuna mtu nyuma yake.

Wakuu, hapa ndiyo mahali nilisema sitoki vizuri.

Mimi ndiye nilikuwa hiyo saw. Nilijua nani alinilipa na alinilipa na nini. Zile posti zake chache alizouza zilikuwa zimelipia kazi ya saw kwa wajane wawili jirani ambao hawakuwa na uwezo. Alikuwa amebaki na veranda na cherehani. Ningesimama nusu dakika tu, maneno yangeisha.

Sikusimama. Jembe alikuwa ameniahidi kazi kubwa upande wa Molo. Nikaangalia viatu vyangu.

Mzee Barnaba naye akasimama. Huyu ndiye mwenye miti mingi kuliko wote, na shamba lake liko juu kabisa ya jicho la maji. Hakumtukana mtu. Alisema tu yeye hana pension ya serikali, pension yake ni ile miti, na mama asije kwake kunywa chai Jumamosi kwa sababu haitasaidia. Watu wakapiga makofi.

Chifu akamwambia Mama Trizah ajibu.

Akatoka kule nyuma karibu na lango. Nilidhani atajitetea, aonyeshe receipt, aape. Alisimama akaongea na sauti yake ile ndogo mpaka watu wakanyamaza ili wasikie.

"Mimi sina hotuba. Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitakuwa Kambi na panga. Mwenye anataka kujua ninakula nini, akuje tule pamoja."

Akarudi akakaa.

Watu walicheka, lakini si kicheko cha kumdharau. Chifu akafunga baraza bila kuamua kitu.

Ile job ya Molo niliipata. Nilifanya siku nane na sikuwa naskia utamu wa chakula. Nikirudi nikaenda moja kwa moja kwa veranda. Alikuwa anaweka kola kwa shati. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha kwa sababu nilinyamaza.

Aliendelea kusukuma cherehani mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi na meno.

"Joram, sikuwa naangalia nani amenyamaza. Wengi walinyamaza," akasema. "Wewe uko na panga?"

Nikasema niko na power saw.

"Hapana, panga. Kazi ya saw iliisha. Sasa ni kazi ya panga."

Nitasimama hapa kidogo niwaeleze kitu ambacho mimi kama operator nilikuwa najua lakini sikuwahi kujali. Blue gum haifi ukiikata. Kisiki kinatoa machipukizi, kumi, ishirini, yanakua kwa hasira kuliko mti wa kwanza. Ukikata na uende nyumbani, baada ya miaka mitatu uko na msitu mkubwa kuliko ule wa mwanzo. Lazima urudi. Unagonga machipukizi yakiwa madogo, unatoa ganda la kisiki, unarudi tena baada ya wiki mbili, tena, tena, mpaka kisiki kichoke.

Huyu mama alikuwa anarudi. Kila Jumatatu asubuhi kabla ya kufungua cherehani. Mvua, baridi ile ya Elburgon ya July ambayo vidole vinakataa kukunja, yeye yuko. Mwanzo walikuwa saba. Wakakuwa watano. Kuna wiki nilipata yuko peke yake na gumboots zake, anaenda kisiki kwa kisiki kama nesi wa wadi.

Nilianza kwenda. Sikuwa na speech ya kuokoka, nilienda tu. Tunafanya kazi lisaa na nusu, anafungua flask, tunakunywa chai ya rangi na viazi vitamu, anaenda kushona, naenda kutafuta job. Hivyo ndivyo nilijua hiyo kitu anakula.

Jembe aliacha kunipigia simu. Hiyo miezi ilikuwa ngumu, sitawadanganya.

Halafu January ikafika, mwaka jana, na Kambi ikakauka tena.

Hapo nilivunjika moyo. Watu wakaanza kutuuliza kwa center, miti mmemaliza, maji iko wapi. Nilimwambia Mama Trizah labda tulikosea. Alinipeleka Kambi, akanionyesha na kidole ile blue gum ya Mzee Barnaba imesimama pale juu, mizizi yake ikiangalia chini. Akasema tumefunga mifereji midogo na mkubwa bado uko wazi. Nikamuuliza atamwendea lini yule mzee.

"Alisema nisiende," akajibu. "Alisema mbele ya watu."

Mwezi huo huo mke wa Mzee Barnaba alianguka. Sisi humuita Gogo, yaani nyanya, ni mama ya kila mtu. Alikuwa anatoka mtoni na mtungi, akateleza kwa ule mteremko, akavunjika mguu karibu na nyonga. Alipelekwa hospitali, akarudishwa amelala, akaambiwa asisimame kwa muda mrefu. Watoto wao wote wako mbali. Mzee mwenyewe magoti yake si ya kupanda mlima na maji.

Siku ya kwanza Gogo amerudi, Mama Trizah alifika kwao na mtungi mgongoni. Akamwaga kwa pipa, akamsalimia Gogo, akaenda. Kesho yake tena. Hao kina mama wa kwaya wakapanga zamu. Yeye alichukua zamu ya asubuhi kila siku, alikuwa anapita hapo kabla hata jua halijashika mabati.

Mimi na akili yangu ya ujanja nikafikiri nimeelewa. Nikamwambia, mathe, hapo umempata huyu mzee. Aliniangalia kwa njia sikuipenda. Akaniambia Gogo amelala na anahitaji kuoga, na kama nina nafasi ya kufikiria vitu kama hivyo basi nina nafasi ya kubeba mtungi. Nikabeba.

Wiki sita, wakuu. Na kwa hizo wiki sita hakuna mtu kati yao alitaja mti.

Mwezi wa tatu nikapigiwa simu na Mzee Barnaba. Sikuwahi kujua ana namba yangu. Akasema nifike na saw. Nikafika. Alikuwa amekaa nje kwa kiti, Gogo amekaa kando yake na magongo ya kutembelea. Mzee hakunisalimia vizuri, alikuwa na hasira, lakini ilikuwa hasira ya mtu ameshindwa na kitu hawezi kukipiga.

"Huyo mama amekanyaga hapa kila siku," akasema. "Nimengoja aniombe nikatae. Haombi."

Gogo akasema kwa utulivu, "Mimi nimechoka kubebewa maji na hiyo maji iko hapo chini ya miti yetu."

Mzee akaangalia ile miti yake. Halafu akaniambia nianze na ile iko karibu na jicho la maji, na ya kule juu nisiiguse, hiyo ni yake.

Nilimpigia Mama Trizah simu. Alikuja na kamba yake ya kupimia, wakapima na mzee, wakaelewana mti gani unaenda na gani unabaki. Mzee akabakisha mingi, by the way, pension yake haikuisha. Ilituchukua siku nne. Ile miti ilikuwa mikubwa na ilikuwa inainama kuangalia chemchemi, kwa hivyo kila mmoja tulifunga kamba tuuvute uangukie upande wa shamba. Watu walianza kuja kuangalia, halafu wakaanza kushika kamba. Siku ya nne nilihesabu mikono kwa kamba nikachanganyikiwa. Kulikuwa na watu waliokuwa wamepiga makofi kwa baraza.

Hakuna mtu aliomba mtu msamaha. Kwetu tunaomba msamaha kwa kushika kamba.

April mvua ikaja na Kambi ikajaa, watu wakafurahi. Yeye alikataa kufurahi. Alisema April hata shimo la taka lina maji. Akasema tungoje January. Kisha akarudi kwa visiki, sasa vikiwa mara mbili, na Jumatatu tulikuwa watu kumi na moja, Mzee Barnaba akiwa amekaa kwa jiwe anatuonyesha mahali tumeruka.

January ya mwaka huu nilishuka Kambi peke yangu kwanza. Niliogopa kuenda na yeye, nikaona kama imekauka afadhali nijue mimi kabla yake.

Kulikuwa na maji. Si mto, wakuu, sitaki kuongeza chumvi. Lakini bomba dogo ambalo tuliweka kwa jicho la maji baada ya kukata ile miti lilikuwa linatoa maji safi bila kukatika, na kulikuwa na Gogo, na fimbo moja sasa badala ya mbili, anangoja kamtungi kake ka lita tano kajae. Aliniambia kamejaa haraka kuliko alivyozoea, hata kabla amalize kuniuliza habari ya mathe.

Niliketi hapo kwa nyasi. Sikulia, lakini nilikaa.

Nikaenda kwa veranda kumwambia. Alisikiza, akauliza kama maji iko na rangi. Nikasema haina. Akasema, "Sawa." Halafu akasimamisha cherehani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamuona ameweka mikono yote miwili kwa mapaja bila kazi, akaangalia barabara muda mrefu.

Ningemalizia hapo. Lakini kuna siku moja lazima niwaambie, kwa sababu ndiyo imenifanya niandike huu uzi.

Habari ya Kambi ilisambaa. Wakubwa wakakuja. Tent, viti vya plastic, spika za muziki, magari mengi. Kila mtu aliyeshika mic alieleza jinsi yeye alivyookoa chemchemi. Mwingine sijawahi kumuona tangu nizaliwe. Wakagawa certificate za mazingira, watu wakaitwa mmoja mmoja. Ya Mama Trizah haikuwepo. Nilidhani wanamuacha wa mwisho, kumbe list imeisha. Unajua nani alipata? Jembe. Kwa kuwa mdau wa sekta ya miti.

Nilisimama nichukue hiyo mic, namaanisha. Mama Trizah alikuwa amekaa nyuma yangu, pale pa mwisho kama kawaida. Akanishika jacket.

"Keti."

Nikamwambia hii si haki.

Akaniambia karibu na sikio, na haya nimeyabeba tangu siku hiyo, "Waache waseme ni yao. Wamesema na spika, kila mtu amesikia. Sasa mwenye atakuja kupanda blue gum hapa, hao watakuwa wa kwanza kumkataza. Mimi sina nguvu ya kukataza mtu. Wao wako nayo."

Nikaketi. Nilikuwa nimefikiri huyu mama ni mpole kwa sababu hajui watu wanamfanya nini. Anajua. Amehesabu yote, akaamua anataka maji.

Baada ya chakula, wakati watu wanapiga selfie, alikuwa ameshasimama na mama wawili kutoka upande wa Keringet. Walikuwa wamesikia, na wao wako na chemchemi inakufa, na miti mingi kando yake, na mzee mmoja mkali sana. Aliwauliza swali moja tu, kama wao wenyewe wako na blue gum hapo. Mmoja akasema ako nayo. Mama Trizah akamuonyesha mimi na kidole.

Nimeshaenda huko mara mbili.

Nimejifunza nini? Mimi si mwalimu, lakini nimekaa na hii kitu. Nilidhani kiongozi ni yule ambaye akiongea watu wanafuata. Sasa naona kuna kiongozi mwingine, ambaye akirudi kazini watu wanaona aibu kubaki nyumbani. Wa kwanza wako wengi. Wa pili unaweza kumpita kwa veranda miaka kumi ukidhani ni fundi tu.

Na ya pili, kunyamaza kwangu kule kwa baraza sijakusahau, na sitaki kukusahau. Kama unajua ukweli na unaangalia viatu vyako, wewe pia umeongea.

Huyu mama hajui kwamba naandika hapa, na hana smartphone, kwa hivyo msiniambie nimtag. Nataka tu mahali fulani iandikwe na mtu aliyekuwa hapo.

Wakuu, uwanja ni wenu. Kama kwenu kuna mtu wa namna hii, ambaye mmemzoea mpaka hamumuoni, muandike hapo chini, hata kazi yake tu bila jina. Na kama una swali la blue gum uliza, nitajibu ile najua.

UPDATE: Nimeona comments. Mmoja ameuliza mti ukae umbali gani na chemchemi ndio usiharibu maji. Mimi sikutaka kubahatisha, nikampigia Mama Trizah, bila kumwambia swali limetoka wapi. Alisema mwende kwa watu wa misitu wawapimie kulingana na sheria, halafu mkifika nyumbani muongeze hatua kumi zenu wenyewe. Nikamuuliza za nini. Akasema kizazi kijacho kitataka kujaribu kupunguza. Kisha akakata simu, shule zinafungua wiki ijayo na bado ana masweta.